Tanzia Mbili za Vito Lomuto

Hapa Castelcupo wakimtaja Incoronata Sessa husema, "Maskini, hakuwa na bahati." Nikisikia hivyo hutamani kumwaga wino sakafuni. Bahati haikuhusika hata kidogo. Walihusika watu, wenye majina na anwani zao, na mmoja wao ni mimi.

Alizaliwa mwaka 1935 kwenye nyumba ya chumba kimoja upande wa chini wa mji, ambako jua la Januari hufika saa tano na saa nane limeshaondoka. Alisoma madarasa mawili, kisha baba yake akamtoa akachunge kondoo. Kusoma alikuwa akisoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikimchezacheza. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alicheka kwa sauti kubwa iliyowaudhi masista.

Mwaka 1961 kaka yake alimpeleka kwa Vito Lomuto, fundi mapipa, amwoshe na kumlisha mama yake Vito aliyepooza upande mmoja. Vito alikuwa na mke, ila mke hakuwepo. Wakati ule nusu ya mji ilikuwa imeshapanda treni: wengine wamekwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, wengine Uswisi kubeba zege, wengine Torino, kule kaskazini, kuunda magari. Ersilia, mke wa Vito, alikwenda Torino kwa kaka yake mwaka 1957 na watoto wawili, Renato na Mirella. Vito alitakiwa afunge karakana amfuate. Alimfuata, akakaa kipupwe kimoja, akarudi. Alisema ukungu wa kule unaingia mpaka kwenye supu.

Mama mtu alikufa mwaka 1963. Siku ya tatu baada ya mazishi Incoronata alifunga kifurushi chake, akasimama mlangoni. Vito, aliyekuwa anapigilia pete za chuma za pipa, hakuinua hata kichwa.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na maharage uliyoyaloweka?"

Akafungua kifurushi, akapika maharage. Posa yake ndiyo hiyo, hakupata nyingine.

Tangu siku hiyo mji ulimwita "yule wa kwa Vito". Hatukumwita mke, maana mke alikuwa Torino. Hatukumwita mtumishi pia, maana sote tuliona zinaanikwa shuka za kitanda kimoja. Padri alimnyima komunyo, naye akazoea benchi la mwisho kabisa kanisani, chini ya dirisha lililopasuka, na alikaa pale miaka yote. Sisi wengine tuliishi naye vizuri kwa mtindo wetu wa huku milimani: kila mtu anajua, hakuna anayesema. Usidharau mtindo huo. Kuna watu wameishi maisha mazima ndani yake na hawakunyeshewa.

Sheria ya kuruhusu talaka ilipopita, mwishoni mwa mwaka 1970, macho yetu yote yalimgeukia Vito. Incoronata alijishonea gauni la kijivu, akalitundika, akangoja. Vito akawa anasema, "Karatasi za nini? Kwani hatuko pamoja?" Nasema leo kwa kuwa hawezi kunijibu: Vito alikuwa mwoga. Alimwogopa padri, aliwaogopa watoto wake wa Torino ambao hakuwaona, na aliogopa kuandika barua moja. Mwanamke akazeeka kwa ajili ya barua moja.

Miaka minne baadaye nchi nzima ilipiga kura. Swali lilikuwa kama sheria ile ifutwe, kwa hiyo aliyetaka talaka ibaki alipaswa kuchagua Hapana. Incoronata aliweka kidole kwenye karatasi, akalitafuta neno talaka, akalipata, akaweka alama kwenye Ndiyo. Alitoka chumba cha kura kichwa juu kama bibi harusi, na akamwambia kila mtu alivyopiga. Tulimcheka mwezi mzima. Nami nilicheka, tena sana.

Kisha likaja tetemeko la Novemba 1980. Sekunde tisini, na mji wetu ukawa kifusi. Incoronata alikuwa nje kwenye banda la kuku. Vito alikuwa ndani. Incoronata alimchimba kwa sepetu ya majivu, sepetu ilipovunjika akachimba kwa mikono, saa nne nzima, akimtukana Vito kwa sauti ili ajue kama bado anajibu. Vito alijibu. Akatoka hai, lakini miguu yake haikuwa miguu tena.

Askari walipoandikisha watu wapewe nyumba za mabati, kijana mmoja wa kaskazini mwenye kalamu alimuuliza, "Na wewe, mama, ni nani wake?"

"Niko naye."

"Ndiyo, lakini nani wake? Mke? Dada? Binamu?"

"Nimekwambia niko naye."

"Hakuna mahali pa kuandika hilo, mama."

Akaandika: Lomuto Vito, kaya ya mtu mmoja. Incoronata akapangiwa kulala kwenye mabehewa ya treni pamoja na wanawake wasio na waume. Alilala huko usiku mmoja tu, na ni kwa sababu walimlazimisha. Kisha akarudi kwa Vito, akamwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani, miaka kumi na mmoja, kwanza kwenye nyumba ya mabati na halafu kwenye nyumba mpya ambayo serikali ilijenga kwa jina la Vito peke yake.

Sasa niseme mimi ni nani katika haya. Naitwa Ausilia. Baba yangu aliniachia kiwanda kidogo cha chapa karibu na chemchemi ya uwanjani: mashine moja, sanduku za herufi za risasi, na kazi ambayo haiishi, yaani tanzia. Kwetu mtu hafi mpaka abandikwe ukutani. Karatasi kubwa yenye ukingo mweusi, jina la marehemu katikati, na chini yake majina ya wafiwa kwa mpangilio: mke, watoto, wakwe, wajukuu, ndugu, wapwa. Watu husimama mbele yake na miwani yao, na jina la marehemu hulipita haraka. Wanachosoma ni nani ametajwa, nani yuko juu ya nani, nani ameachwa. Nimeona ndugu wawili waliochangia ukuta mmoja wa nyumba wakinuniana miaka kumi na minane kwa sababu ya koma.

Novemba ya mwaka 1991 kifua cha Vito kilianza kuharibika. Incoronata akaja kwangu, akasimama mbele ya meza na kitambaa chake cha kichwa, akinusa wino.

"Ausilia, wewe ndiye unayepanga zile herufi?"

"Nani mwingine, shangazi? Baba yuko makaburini."

"Vito akifa…"

"Ah, usimtabirie mtu!"

"Simtabirii. Ninafua shuka zake, naona kinachotoka." Akakunja ncha ya kitambaa chake. "Akifa, uniweke. Popote. Hata chini kabisa, baada ya wapwa. Sitaki cheo. Jina tu."

Niliona aibu, nikajifanya napanga makaratasi. Kanisani hakuandikwa, serikalini hakuandikwa, kwenye nyumba hakuandikwa. Ukuta ulikuwa wetu sisi, wala si wa padri wala wa serikali, na yeye alidhani ukuta una huruma zaidi.

"Nitakuweka," nikasema.

"Niapie."

"Naapa kwa roho ya baba yangu."

Akatabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu bila kucheka. Akaniachia jibini la mviringo mezani, na nilipomkatalia akanifokea.

Vito alifariki Februari, siku ya theluji. Incoronata alimwosha, akamnyoa, akamvalisha suti, akaketi kando yake. Kesho yake asubuhi treni ikamleta Ersilia na watoto wake wawili. Waliingia na ubaridi wao na koti la manyoya. Walioshuhudia waliniambia hakukuwa na ugomvi. Incoronata alisimama, akampa Ersilia kiti, akaenda jikoni kuwapikia kahawa. Walipoimaliza akavaa koti lake, akashuka mpaka nyumba ya mabati ya marehemu kaka yake, kule chini ambako watu walikuwa bado wanaishi kwenye mabati baada ya miaka yote ile.

Saa nne Ersilia alikuwa mbele ya meza yangu na mwanawe Renato. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye nywele zilizotengenezwa na macho yasiyolala. Alinisomea tanzia bila kutazama karatasi: mke wake Ersilia, watoto Renato na Mirella, mkwe, wajukuu, dada yake aliyeko Uswisi, wapwa na jamaa wote.

Niliandika. "Na Incoronata?" nikasema.

Renato akatazama viatu vyake. Ersilia hakutazama popote.

"Nani?"

"Bi Ersilia, unajua nani."

"Hebu nikuulize, binti wa mchapaji. Wewe ulikuwa wapi mwaka hamsini na saba? Nilifika Torino na watoto wawili, milangoni wamebandika vibao kwamba hawapangishi watu wa kusini. Walituita watu wa udongo. Nimefagia ngazi za watu. Vito alipotukimbia, kila Jumapili nikaenda kituoni kupokea treni ya kusini, miaka minne, mume wangu hayumo. Unajua nani aliandika jina langu huko? Hakuna. Jina la Vito nimelibeba mimi. Watoto wake nimewalea mimi. Leo amekufa, walau ukutani niwe mke wake."

"Lakini yeye amemchimba kwa mikono…"

"Nimesikia. Asante yake. Mkusanye hela mmwashie mishumaa kama mtakatifu."

Kuna siku nilimchukia kwa neno hilo, na kuna siku naona kwamba Vito aliwala wanawake wawili na kufa ameshiba. Ila siku ile sikufikiri chochote. Tanzia ni ya anayeiagiza. Ndivyo baba alivyonifundisha, nami nikajificha nyuma ya mafundisho ya baba. Nikapanga herufi kama nilivyoambiwa.

Halafu, walipotoka, nikapata wazo. Mungu anisamehe, nililipenda wazo lile. Kwetu mtu asiye wa familia, jirani au mwenzako wa kazini, huruhusiwa kuweka tanzia yake ndogo kando ya ile kubwa, kuonyesha kwamba naye ameguswa. Haombi ruhusa kwa yeyote. Nikajiambia, kumbe njia ipo! Jina lake litakuwa ukutani kama nilivyoapa, na Ersilia hawezi kusema kitu. Nikachukua herufi nzuri kuliko zote, zile alizonunua baba Napoli, nikapanga:

INCORONATA SESSA ANASHIRIKI MAJONZI YA FAMILIA YA LOMUTO.

Nikachapa kumi na mbili. Sikumtoza hata senti. Sikumuuliza pia.

Donato, mbandikaji wetu, alikuja na ndoo yake ya gundi. Akaisoma ile ndogo, akaisoma tena, akajikuna kidevu.

"Dada, una uhakika na hii?"

"Ina makosa gani?"

"Makosa haina. Imenyooka kabisa." Akaikunja polepole. "Ndiyo maana nakuuliza."

"Donato, wewe bandika, usinifundishe kazi."

"Haya. Kazi yangu ni gundi tu."

Saa nane nilitoka kwenda kuona kazi yangu. Tanzia kubwa na ndogo zilikuwa bega kwa bega mbele ya chemchemi, theluji ikizipiga pembeni. Watu kama kumi walikuwa wamesimama. Bi Marzia wa duka la mikate alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Ee, leo tumejua," akasema. "Kumbe ulikuwa ujirani tu!"

"Miaka thelathini na mmoja ya ujirani!" mwingine akadakia. "Na mimi jirani yangu hata chumvi haniazimi!"

Wakacheka. Sasa ndipo niliposoma nilichokiandika. Maana mshiriki wa majonzi ni mtu wa nje, lazima awe wa nje, vinginevyo angeshiriki nini? Kuachwa kwenye orodha kulikuwa kitu ambacho mji ungekimeza, kama ulivyomeza shuka na kitanda na benchi la mwisho. Kila mtu angelijaza pengo lile kimyakimya kwa jina la Incoronata. Mimi nililiziba. Nilimchapa mgeni, kwa herufi za Napoli, nakala kumi na mbili, na saini ni yake.

Nilikimbia kumtafuta Donato azibandue. Gundi ilikuwa imeshaganda kwa baridi. Alikwangua moja ikatoka vipandevipande, jina likabaki. "Dada, ukikwangua hivi watasoma mara mbili," akasema. Tukaacha.

Mazishi yalikuwa saa tisa. Niliingia kanisani mapema, nikaona kitu ambacho kinanichoma hadi leo. Rocco mtunza kanisa, mzee asiyezungumza na mtu, alikuwa ameweka kofia yake mwishoni mwa benchi la mbele upande wa kushoto, upande wa wafiwa. Alikuwa anamshikia mtu nafasi. Sikuhitaji kuuliza nani. Hakuna mtu angesema neno; Ersilia mwenyewe angefika akute kuna mwanamke mzee pembeni, na mbele ya jeneza asingefanya fujo. Ndivyo mji wetu unavyotenda wema wake, kwa kofia.

Kisha Bi Marzia akaingia, akainama, akamnong'oneza. Rocco akatoka nje. Aliporudi theluji ilikuwa mabegani. Akatembea mpaka mbele, akaichukua kofia, akaivaa, akakumbuka yumo kanisani, akaivua. Kwake mambo yalikuwa yameshaandikwa, tena na Incoronata mwenyewe.

Incoronata aliingia na gauni la kijivu alilolitia rangi nyeusi. Alipitia uwanjani; hakuna njia nyingine ya kufika kanisani. Alikuja mpaka katikati, akatazama benchi la mbele, akamtazama Rocco, na Rocco akatazama dari. Akageuka, akaenda kukaa chini ya dirisha lake.

Baada ya misa wafiwa husimama mstari mbele ya altare, na sisi wengine tunapita mmoja mmoja kuwapa mkono. Nilikuwa watu wanne nyuma yake. Alisogea kwenye foleni pamoja na muuza mikate, daktari wa mifugo, na watoto wa shule waliotumwa na mwalimu. Alipomfikia Ersilia walitazamana. Nilidhani atasema kitu. Niliomba aseme kitu, amtemee hata mate, mimi ningemshangilia.

"Pole kwa msiba wako, Bi Ersilia," akasema.

"Asante kwa kushiriki," akasema Ersilia, akamwachia mkono, akanyoosha mkono kwa anayefuata.

Siku ya pili sikuweza kukaa. Kwetu nyumba iliyofiwa haiwashi moto siku tatu. Majirani ndio wanaopika na kupeleka. Nyumba ya Vito ilikuwa imejaa sufuria, nilisikia hata pa kuzitua hapakuwepo. Nikachinja kuku, nikapika mchuzi mwepesi na tambi nyembamba, nikafunika sufuria kwa taulo, nikashuka na theluji mpaka kwenye mabati. Bomba la jiko lake halikutoa moshi. Alikuwa hajawasha. Alikuwa anatimiza siku zake tatu peke yake, mdomo mkavu, na hakuna hata mtu mmoja aliyemletea kijiko.

Nilibisha. Akafungua. Chumba kilikuwa cha baridi hadi niliona pumzi yake.

"Shangazi, nimekuja kukuomba msamaha. Nilitaka kukuweka. Niliapa."

"Najua."

"Ersilia ndiye aliyekataa, mimi nikadhani…"

"Ersilia aliniacha," akasema. "Nilijua ataniacha. Ningeweza kuishi nalo, nimeishi na makubwa zaidi. Ni wewe uliyenitoa, Ausilia."

Nikamnyooshea sufuria. "Kula basi. Kidogo tu. Bado ni cha moto."

Aliitazama sufuria muda mrefu. Alikuwa na njaa, niliona koo lake likimeza. Kisha akanirudishia taratibu, akiishika kwa mikono yote miwili ili isimwagike, akalirekebisha taulo.

"Hiki hupelekwa kwa wafiwa," akasema. "Nyumba ya Lomuto ni kule juu. Uwaambie na mimi nimetoa pole."

Akafunga mlango, wala hakuubamiza. Nikabaki nimesimama pale na chakula cha msiba mkononi. Baadaye kidogo nikasikia anavunja kuni ndani. Nilipofika nusu ya mlima nikageuka, na bomba lake lilikuwa linatoa moshi.